Pijo ya Safu Tatu: Ilichemka Njiani na Bado Ikatawala Barabara

Kabla ya Nissan za abiria 14, kabla ya Probox na magunia yake ya miraa, mfalme wa safari ndefu Kenya alikuwa Peugeot 504 stesheni wagen. Mtaani iliitwa Pijo tu. Muulize mzee yeyote aliyesafiri Nairobi–Nakuru miaka ya 70 na 80, atakwambia mambo mawili: ilikuwa na mbio, na ilichemka.

Na hapo ndipo stori ilipo. Pijo haikutawala kwa sababu haikuharibika. Ilitawala kwa sababu kila fundi alijua itaharibikia wapi.

Ilikotoka

504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na 1969 ikawa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Stesheni wagen ikafuata, ndefu zaidi, na toleo la familia lilikuwa na safu tatu za viti. Jina lenyewe huku halikuwa geni: kaka yake, 404, alishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. 504 nayo ikashinda 1975 na 1978. Tangazo gani tena ungetaka? Mwaka 1973 serikali ya Kenya iliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum, wenye Pijo walikuwa na mali mkononi.

Ugonjwa wa kwanza: joto

Feni yake ilishikwa na klachi ya sumaku ya umeme. Injini ikiwa baridi, feni inapumzika. Joto likipanda, swichi inaiamsha. Wazo zuri, linabana mafuta. Lakini gari likizeeka, brashi ya kaboni inaisha, waya unakatika, na feni inalala usingizi wakati watu wamejaa na mlima uko mbele.

Sasa ongeza miinuko ya Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kifuniko cha rejeta kikilegea kidogo tu, kwisha. Hedi ya injini ilikuwa ya alumini. Ikizidiwa na joto inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili mpaka inafanana na chai ya maziwa.

Mafundi wa jua kali hawakusubiri spea kutoka Ufaransa. Waliibana klachi kwa skrubu zake ili feni izunguke muda wote. Mafuta yakaongezeka, kelele pia, lakini gari likafika. Na dereva mjanja hakuondoka bila mtungi wa maji kwenye buti.

Ugonjwa wa pili: gia

Nyingi za zamani zilikuwa na gia kwenye usukani. Vyuma vinavyounganisha mkono wa gia na giaboksi vikilika, gia inakwama katikati. Dereva anashuka, anafungua boneti, anaichomoa kwa mkono, safari inaendelea. Abiria hata hawaulizi.

Ugonjwa wa tatu: breki

Huu haukuwa wa kuchekesha. Ekseli ya nyuma ilitengenezwa kwa mizigo, na uimara huo ukawaponza watu: kila nafasi iliyobaki ilionekana ni ya abiria mmoja zaidi. Kushuka bonde la ufa na uzito huo, breki zinapata moto na kupoteza nguvu. Wengine walikata injini kwenye mteremko ili kubana mafuta, na injini ikizimwa, msaada wa breki nao unakwisha baada ya kukanyaga mara chache. Pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kwa joto kulikuwa na mtungi wa maji. Kwa hili hakukuwa na dawa ya barabarani.

Ilivyong'olewa

Mwishowe si feni wala gia iliyoiondoa. Ni hesabu. Mitumba ya Kijapani ilipomiminika, mwenye gari alilinganisha viti 7 na viti 14 na jibu likawa wazi. Spea za Pijo zikaadimika, mafundi wake wakazeeka, na ujuzi ukaondoka nao.

Kwa hiyo ukienda kununua gari la zamani, usimuulize muuzaji kama huwa linaharibika. Litaharibika. Uliza linaharibikia wapi, na kama fundi anayelijua bado yupo.