Wakonyingo: mbilikimo wa Kibo waliosubiri mchezo wao

Ikikaribia Krismasi, maduka mengi ya Kariakoo huteremsha milango. Wenye maduka wameshapanda basi kwenda Rombo, Machame na Kibosho, na mjini tunabaki na utani wetu wa kila mwaka kwamba Wachagga wameenda kuhesabiwa. Wakifika nyumbani, macho yao yataangalia juu kwenye theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mahali ambapo kwa masimulizi ya mababu zao hapakuwa patupu. Huko juu, kupita migomba na kupita msitu, waliishi Wakonyingo.

Walikuwa wadogo, kimo cha mtoto, ila vichwa vyao vilikuwa vikubwa kupita kiasi. Usiku hawakulala chini. Walikaa wakiegemea ukuta wa nyumba, kwa sababu Mkonyingo akijilaza, uzito wa kichwa ungemzuia kuinuka tena. Ndiyo maana kila mmoja alitembea na pembe kiunoni: akianguka njiani, anaipuliza mpaka wenzake waje kumwinua. Walifuga ng'ombe, walikuwa na mtemi wao, na walikuwa na ngazi za kupandia mbinguni.

Kisa chao kinachonivutia kuliko vyote ni cha ndugu wawili, Mkunare na Kanyanga, waliotoka katika nyumba isiyo na hata ng'ombe mmoja. Mkunare alitangulia kwenda Kibo, akiwa amesikia kuna mtemi anayehurumia maskini. Njiani alimkuta bibi kizee mwenye macho yaliyojaa matongo. Bibi akamwambia amlambe macho kwanza, ndipo amwelekeze njia. Kijana akaona kinyaa, akapita. Alipowafikia Wakonyingo alidhani ni watoto wachungaji, akawauliza baba zao na kaka zao wako wapi. Wakamjibu asubiri, watakuja. Jioni ng'ombe akachinjwa, watu wakala, mgeni hakupewa hata kipande. Bado alikuwa anawasubiri hao baba. Akarudi na njaa yake.

Kanyanga alimlamba bibi macho. Akaambiwa namna ya kuwasalimu wale wafupi, kwamba ni watu wazima, akawaamkia kwa heshima yao. Akapelekwa kwa mtemi, akala, akakaa. Naye hakwenda kuomba tu: aliwafundisha maneno ya kinga ya kuzuia wadudu mashambani. Akashuka na kundi la ng'ombe.

Haya tunayo kwa maandishi kwa sababu ya wageni wawili hasa. Wa kwanza ni Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri wa Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuishi miaka mingi Kidia, Old Moshi. Alikaa na wazee, akasikiliza, akachapisha mkusanyo wake mkubwa wa hadithi za Wachagga mwaka 1914, kwa Kijerumani. Wa pili ni Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza huko Moshi, aliyetoa kitabu chake kuhusu mlima na watu wake mwaka 1924. Baadaye Dundas aliletwa Dar es Salaam kuwa Katibu wa Mambo ya Wenyeji chini ya Gavana Donald Cameron, ambaye makazi yake yalikuwa papa hapa Magogoni. Kwa hiyo mtu aliyeandika habari za mbilikimo wa Kibo alikuwa akishughulikia mafaili ya serikali karibu na kivuko, na sidhani makarani wenzake walimuuliza lolote kuhusu vichwa vikubwa.

Miaka 50 baada ya kitabu cha Dundas, Marekani kulitokea mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu hukaa mezani, mmoja anasimulia, wengine wanajifanya wahusika, na dadu inaamua kama upanga umempata adui. Mbilikimo wake wa milimani wana deni kubwa kwa mwandishi Tolkien, aliyewatoa katika masimulizi ya kale ya Ulaya Kaskazini. Mwaka 2004 kampuni ya Wizards of the Coast ikachapisha Races of Stone, kitabu kizima cha kuwapa wachezaji habari za watu wa mawe na milima: mila zao, dini zao, maisha yao ya kila siku. Humo ndimo lilipoingia kabila la majitu ya vilele liitwalo goliath.

Nikilinganisha, naona wazee wa Kidia hawakuwa nyuma. Namna ya kulala, chombo cha kuitia msaada, mifugo, utawala, mgeni apokeweje: habari zote ambazo kitabu cha mchezo hutafuta walikwishazipanga. Tena mtihani wao ni mgumu kuliko dadu, maana anayeshindwa kuamkia anakosa chakula.

Kinachokosekana ni vijana wetu wanaotengeneza michezo ya simu kuufikia mkusanyo wa Gutmann kwa Kiswahili. Hapo nawageukia wachapishaji. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Gutmann alifariki mwaka 1966, kwa hiyo muda huo umeshapita. Tafuteni mfasiri anayejua Kijerumani, mkae naye pamoja na wazee wa Old Moshi, mtuletee kitabu.