Mnt-ref

Kipengele cha rekodi ya shirika katika rejesta ya anwani za intaneti, kinachotaja watunzaji wanaoweza kuruhusu rekodi nyingine kuirejelea. Tanzania imo chini ya AFRINIC, rejesta ya Afrika yenye makao Ebène, Morisi, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. Mkoani Simiyu, mtumiaji wa simu haoni lolote kati ya haya; anwani yake imesajiliwa na kampuni inayomhudumia. Anayetaka kuihusisha safu ya anwani na kampuni hiyo hahitaji idhini ya mnt-by (mtunzaji wa rekodi ya safu yenyewe) pekee, bali pia ya mtunzaji wa mnt-ref. Vinginevyo angejibandika jina la wengine. Kinga hii haimzuii mwenye funguo za ndani ya rejesta yenyewe, na sakata la anwani kuporwa ndani ya AFRINIC, lililofichuliwa 2019, lilionyesha hatari hiyo waziwazi.