Tuko ugenini, lakini kodi tunalipa

Mobeni kwa Kizulu ni mahali pa miwa: umoba wao ndio muwa wetu. Sisi tuliokulia Durban tunalitaja jina hili kila siku kwenye teksi, ila wengi hatujui kwamba hapo jirani, Chatsworth, wapo watu wanaoitwa Wazanzibari.

Mwaka 1873 Waingereza walianza kushusha Durban watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua wa Msumbiji, lakini walipitia Zanzibar na jina likawaganda. Wakakaa King's Rest, upande wa Bluff, kwenye ardhi iliyoshikwa na wadhamini wa msikiti kwa ajili yao.

Ikaja Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950, iliyogawa miji kwa rangi. Wazanzibari wakaandikwa "Waasia wengine", na miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth. Wadhamini walikuwepo, hati ilikuwepo, na bado wakaondolewa. Sheria yenyewe ndiyo iliyowatoa.

Kwa historia kama hiyo, Katiba ya 1996, kifungu cha 26, inakataza mtu kutolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama, na mahakama lazima kwanza ipime hali yake yote. Sheria ya Nyumba za Kupanga ya 1999 ikaongeza mengine: ukilipa, upewe risiti, dipoziti iwekwe benki izae riba, na ukihama urudishiwe pamoja na riba yake, yakitolewa madeni na uharibifu. Mwenye nyumba asikubague kwa asili wala lugha yako. Naye ana haki zake: alipwe kwa wakati, nyumba yake itunzwe, na mkishindwana aende mahakamani, siyo kubadilisha kufuli usiku.

Sisi tulipanga chumba cha uani Mobeni Heights miaka minne bila risiti hata moja. Mkalimani nilikuwa mimi, mtoto wa darasa la sita. Tulipohama, dipoziti haikurudi. Mama akasema tu, "Mwanangu, tuko ugenini."

Kumbe lipo Baraza la Nyumba za Kupanga la mkoa, na kulalamika pale ni bure. Kwa hiyo wewe unayewatafsiria wazazi wako leo, omba risiti. Kagueni nyumba pamoja na mwenyewe, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Kifungu cha 26 hakikusema "raia". Kimesema mtu yeyote, na mama ni mtu.