Mhunzi na Msitu wa Kijiji

Mwaka 1957 serikali ya Nepal ilitaifisha misitu ya watu binafsi. Nia ilikuwa kuwanyang'anya mabwanyenye, lakini milimani watu walielewa vingine: msitu waliouzoea kuutunza wenyewe sasa ni wa serikali, na cha serikali hakina mwenyewe. Shoka likafanya kazi yake.

Mwaka 1973, wilayani Sindhupalchok, ofisa misitu T. B. S. Mahat alithubutu kufanya ambalo sheria haikuwa imelifikiria. Aliwaachia wanakijiji wa Thokarpa wapande miti na kuilinda wao wenyewe. Miaka 20 baadaye, Sheria ya Misitu ya 1993 iliufanya utaratibu huo kuwa haki: ardhi inabaki ya serikali, ila kuni, majani ya mifugo, mbao na mapato ni ya kikundi cha watumiaji. Leo vikundi hivyo vimezidi 22,000. Misitu iliyofunika takriban asilimia 26 ya nchi mwaka 1992 ilifika asilimia 45 mwaka 2016. (Vijana waliokwenda kutafuta kazi Ghuba na kuacha mashamba yajiotee vichaka nao walichangia, ingawa hawasifiwi.)

Hapo ndipo simulizi nyingi huishia. Mimi nataka kumuuliza mhunzi.

Jambo la kwanza vikundi vingi vilifanya ni kuufunga msitu. Mbuzi marufuku, mkaa marufuku. Mwenye shamba kubwa ana miti yake mpakani. Anaweza kungoja miaka mitano bila kulala njaa. Mkami hawezi. Yeye ni Mdalit, wa tabaka lililohesabiwa najisi, na ndiye anayewafulia wenzake mundu na majembe. Bila mkaa, moto wake umezimika. Kamati iliyopitisha marufuku ilijaa watu wa matabaka ya juu, na yeye hata akiitwa mkutanoni alikaa pembeni. Kwa hiyo miti ile imekua kwa gharama yake pia, na hakuna ramani ya setilaiti inayoonyesha hilo.

Serikali ilichelewa kuliona. Mwongozo wa 2009 ulitaka nusu ya kamati wawe wanawake, na asilimia 35 ya mapato iende kwa kaya maskini. Baadhi ya vikundi vimezigawia kaya hizo vipande vya msitu zipande iliki chini ya miti. Kwingine mhunzi bado anaomba kibali cha mkaa kwa watu walewale anaowanolea mundu.