Walivyomfuata Mtoto Sebuleni: Historia ya Matangazo Katika Vipindi vya Watoto

Mwaka 1952 kampuni ya Hassenfeld Brothers ya Pawtucket, Marekani, ambayo leo inajulikana kwa jina la Hasbro, ilitoa boksi dogo la kuchezea lililouzwa senti 98. Ndani mlikuwa na macho, masikio na pua za plastiki, kila kimoja na ncha yake ya kuchomekea. Kiazi cha kuvichomeka mnunuzi alikitoa jikoni kwake. Kichezeo hicho, Mr. Potato Head, ndicho cha kwanza kutangazwa kwenye televisheni, na tangazo lake lilifanya jambo ambalo wauza midoli hawakulizoea: lilimruka mzazi, likasema na mtoto mwenyewe. Katika mwaka wa kwanza yaliuzwa maboksi zaidi ya milioni moja.

Miaka mitatu baadaye kampuni ya Mattel, iliyokuwa bado changa, ilikubali kulipa dola 500,000 ili kudhamini kipindi kipya cha The Mickey Mouse Club kwa mwaka mzima. Fedha hizo zilikaribia thamani ya kampuni yote. Tangazo lilimwonyesha mvulana akiwinda tembo sebuleni kwao kwa bunduki ya kuchezea, na bunduki hizo zikagombaniwa madukani msimu wa Krismasi. Kabla ya hapo midoli ilitangazwa zaidi mwishoni mwa mwaka. Baada ya Mattel, mtoto akawa mteja wa kila wiki.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, vipindi vya watoto vya asubuhi ya Jumamosi nchini Marekani vilibeba hadi dakika 16 za matangazo kwa saa. Watu wazima, wenye pesa mfukoni na akili ya kupima maneno ya muuzaji, waliwekewa matangazo machache kuliko hayo kwenye vipindi vyao vya usiku. Watoto waliuziwa midoli, peremende, nafaka za asubuhi zilizojaa sukari, hata vidonge vya vitamini.

Akina mama wa Newton

Mwaka 1968 Peggy Charren, mama wa mabinti wawili, aliwakusanya wenzake sebuleni kwake Newton, jirani na jiji la Boston. Hapo ndipo kilipozaliwa kikundi cha Action for Children's Television. Charren alichukia udhibiti wa maudhui na hakutaka kipindi chochote kifungiwe. Alichotaka ni watoto wapate vipindi vingi zaidi na bora zaidi, na wafanyabiashara wawaachie nafasi.

Akina mama hao walianza kwa kukaa mbele ya televisheni na kuandika walichokiona. Walikichunguza kipindi cha Romper Room, kilichojengwa kama darasa la chekechea hewani. Mwalimu aliimba na watoto, akacheza nao kwa midoli yenye jina la kipindi, kisha akageuka na kuitangaza midoli ileile. Mtoto wa miaka minne hana namna ya kujua kwamba sasa mwalimu wake amekuwa muuzaji. Malalamiko yalipopamba moto, kituo cha Boston kilimwondoa mwalimu kwenye matangazo.

Mwaka 1970 kikundi kilipeleka ombi rasmi mbele ya Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano: kila kituo kirushe saa 14 za vipindi vya watoto kwa wiki, bila tangazo hata moja. Barua zaidi ya 100,000 zilimiminika kwa Tume. Mwaka 1972 kampuni kubwa za dawa ziliondoa matangazo ya vitamini kwenye vipindi vya watoto. Mwaka 1974 Tume ikatoa mwongozo: matangazo yasizidi dakika tisa na nusu kwa saa mwishoni mwa wiki na dakika 12 siku za kazi, yatenganishwe wazi na kipindi, na mtangazaji au mhusika wa kipindi asiuze bidhaa ndani ya kipindi chake. Akina mama waliomba matangazo yaondolewe kabisa, wakapewa punguzo. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kulipata punguzo hilo kabla yao.

Washington yarudi nyuma

Swali kubwa zaidi lilikuwa la umri, nalo liliibuka mwaka 1978. Wataalamu wa Tume ya Shirikisho ya Biashara, chini ya mwenyekiti Michael Pertschuk, walieleza kwamba mtoto mdogo haelewi kuwa tangazo limetengenezwa ili kumshawishi anunue. Analipokea kama habari, kama neno la mtu mzima anayemwamini. Walipendekeza kupiga marufuku matangazo yote ya televisheni yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 8, na kuwakinga walio wakubwa kidogo dhidi ya matangazo ya vyakula vya sukari vinavyoharibu meno.

Viwanda vya sukari, nafaka na midoli viliungana na vituo vya televisheni kulipinga pendekezo hilo. Gazeti la Washington Post liliandika tahariri iliyoifananisha Tume na yaya wa taifa, na jina hilo likaganda. Bunge lilichelewesha fedha za Tume hadi ikafunga ofisi kwa muda mwaka 1980, kisha likapitisha sheria ya kuipunguzia mamlaka. Mwaka 1981 suala likafungwa. Katika maelezo yao ya mwisho, wataalamu wa Tume walikiri kwamba watoto walio chini ya miaka 6 huyaamini matangazo bila kuyapima. Kikwazo, walisema, ni kwamba hakuna njia ya vitendo ya kuwatenga watoto hao na watazamaji wengine.

Mlango ulipolegezwa, wafanyabiashara waliusukuma mpaka mwisho. Chini ya Rais Reagan, Tume ya Mawasiliano iliondoa vikomo vya matangazo mwaka 1984. Katuni za He-Man na Transformers zilikwenda sambamba na midoli iliyokwisha kutengenezwa, kiasi kwamba kipindi kizima kikawa tangazo la nusu saa. Bunge lilirudisha vikomo kwa sheria ya mwaka 1990: dakika kumi na nusu kwa saa mwishoni mwa wiki na 12 siku za kazi. Baada ya miaka 16 ya mapambano, sheria iliruhusu dakika moja zaidi ya ule mwongozo wa 1974 kwa vipindi vya mwishoni mwa wiki.

Quebec yapata jibu

Kile kilichoitwa hakiwezekani Washington kilikuwa tayari kinafanyika ng'ambo ya mpaka. Jimbo la Quebec, Kanada, lilipitisha sheria ya kumlinda mlaji mwaka 1978, na kuanzia 1980 matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13 yakapigwa marufuku. Ili kujua kama tangazo linamlenga mtoto, sheria inauliza mambo matatu: bidhaa ni ya aina gani na ya matumizi gani, tangazo limeundwaje, na limetolewa wakati gani na mahali gani. Haihitaji kuhesabu watazamaji wala kuwatenga. Mzigo unamwangukia mwenye tangazo.

Kampuni ya midoli ya Irwin Toy ilikwenda mahakamani ikidai uhuru wa kujieleza. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa kura 3 dhidi ya 2, iliamua kwamba sheria hiyo kweli inabana uhuru huo, lakini inaubana kwa sababu halali: kumkinga mtu asiye na uwezo wa kujikinga. Sweden na Norway nazo zilipiga marufuku matangazo kama hayo kwenye televisheni zao mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Sheria ya Quebec ilikuwa na mwanya, kwa kuwa vituo vya Marekani viliendelea kuonekana jimboni. Mtafiti Marvin Goldberg aliwalinganisha watoto wa Montreal, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1990. Watoto wa familia zinazozungumza Kiingereza, waliotazama zaidi vituo vya Marekani, waliitambua midoli mingi zaidi ya madukani, na majumbani mwao mlikuwa na nafaka za sukari nyingi zaidi kuliko kwa wenzao wanaozungumza Kifaransa. Mwanya wenyewe ukathibitisha kwamba marufuku inafanya kazi pale inapofika.

Wapinzani wana hoja moja nzito: bila matangazo, nani atalipia vipindi? Uingereza ilipozuia matangazo ya vyakula vya mafuta, chumvi na sukari nyingi kwa watoto kati ya 2007 na 2009, kituo cha ITV kilikuwa kimekwisha kupunguza utengenezaji wa vipindi vya watoto. Gharama hiyo lazima ilipwe, na walipaji wanapatikana. Kipindi cha Sesame Street kilianza mwaka 1969 kwa fedha za serikali ya Marekani na taasisi za Carnegie na Ford. Hapa kwetu Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, inafundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili chini ya shirika lisilolenga faida.

Kwa hiyo naona jibu liko wazi: vipindi vya watoto visiwe na matangazo yanayowalenga watoto. Leo wengi wanatazama kwenye simu, na muuzaji amehamia huko. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 kwa madai ya kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Maswali matatu ya Quebec hayakutaja ukubwa wa kioo. Wabunge wetu wanaweza kuyaandika katika sheria zetu, na wayaandike kabla wenye matangazo hawajawa na nguvu ya kuwazuia, kama ilivyotokea Washington.