Bakteria wa manufaa ya tumbo: mtumiaji atarajie nini?

Katika migahawa ya maziwa ya Kigali, kuanzia Nyamirambo hadi Kimironko, ikivuguto, yaani maziwa ya mgando, huuzwa kwa bilauri tangu asubuhi. Katika maduka ya dawa ya mji huohuo huuzwa vidonge vya bakteria hai, ambavyo wataalamu huviita probiotiki. Vyote viwili husifiwa kuwa hutuliza tumbo. Je, anayeanza kuvitumia atarajie nini?

Mwaka 2001, wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo waliafikiana kuwa probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji manufaa ya kiafya. Kwa hiyo si kila kilichochachuka kinastahili jina hilo.

Katika siku za kwanza watu wengi hawahisi lolote. Wengine tumbo huwajaa gesi na kuunguruma, au choo hubadilika kidogo. Kwa kawaida hali hiyo hutulia baada ya siku chache. Mwenye tumbo linalojaa na kuuma mara kwa mara hushauriwa kujaribu aina moja kwa angalau majuma manne. Asipoona nafuu, hana sababu ya kuendelea kuinunua. Aidha, bakteria hawa ni wageni wapitao: mtu akiacha kuwatumia, kwa kawaida hutoweka utumboni ndani ya siku au majuma machache. Muuzaji anayeahidi kuwa chupa moja itatengeneza tumbo la mtu milele anamdanganya mteja wake.

Je, ikivuguto hutosha? Bakteria wake huwa hai mradi kisipashwe moto baada ya kuganda, ingawa katika kile cha nyumbani aina na idadi yao hubadilika kila siku. Hatari kubwa zaidi imo katika maziwa yenyewe. Yakigandishwa bila kuchemshwa huweza kubeba brusela na vijidudu vingine, wala uchachu hauwaui wote. Yafaa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe kimea cha mgando. Mjini Mwanza, Tanzania, kikundi cha wanawake cha Tukwamuane kilianza mwaka 2004, kwa ushirikiano na chuo kikuu kimoja cha Kanada, kutengeneza mtindi wenye bakteria aliyechaguliwa maalumu, Lactobacillus rhamnosus GR-1. Hapo mnywaji hujua anakunywa nini.

Manufaa yenye ushahidi mzuri ni machache. Watu wazima ambao maziwa ya kawaida huwavuruga tumbo huustahimili mtindi vizuri zaidi, kwa kuwa bakteria wake husaidia kuivunja sukari ya maziwa. Baadhi ya aina hupunguza kuhara kunakosababishwa na dawa za antibiotiki. Inashauriwa kupisha angalau saa mbili kati ya dawa na probiotiki, ili dawa isiwaue bakteria hao.

Mtoto anayehara ni suala jingine kabisa. Mwaka 2020, Chama cha Madaktari wa Mfumo wa Chakula cha Marekani kilishauri dhidi ya kuwapa probiotiki watoto wenye maambukizi ya ghafla ya tumbo, kikirejelea tafiti za Marekani na Kanada. Tiba inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni maji ya ORS pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Mtoto mwenye damu katika choo, macho yaliyobonyea, au asiyeweza kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Mtu mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayetibiwa saratani, asianze kutumia vidonge hivi bila kumwona daktari. Watoto njiti nao wasipewe kwa uamuzi wa wazazi pekee: mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa bakteria hao wanaweza kuingia katika damu yao na kusababisha maambukizi ya kuua.