Boriti za Rufiji: Mto, Majahazi na Mapaa ya Ghuba

Mto Rufiji, unaokusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, hauingii baharini kwa mlango mmoja, bali hugawanyika mkabala wa kisiwa cha Mafia katika midomo kadhaa, ikiwemo Simba Uranga na Kikunya, na kati ya midomo hiyo umeota msitu wa mikoko wa takriban hekta 50,000, mkubwa kuliko wowote wa aina yake nchini Tanzania. Historia ya Bahari ya Hindi imezoea kuzitaja Kilwa, Zanzibar, Mombasa na Lamu, na kuipita delta hii kana kwamba ilikuwa matope matupu, ilhali kwa karne nyingi sehemu kubwa ya miti iliyoezekea nyumba za mawe za pwani, na za miji ya Ghuba ya Uajemi, ilitoka katika vijito vyake.

Bidhaa yenyewe ilikuwa miti ya mikoko, ambayo wafanyabiashara waliipanga kwa unene: nguzo, iliyo nene zaidi, kisha boriti, mazio, pau, na mwisho fito, nyembamba kuliko zote. Iliuzwa kwa korja, yaani kwa mafungu ya miti ishirini ishirini. Iliyopendwa zaidi ni mkoko wenyewe, msindi na mkandaa, kwa kuwa ni miti iliyonyooka, mizito, isiyoliwa upesi na mchwa. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba katika nyumba za mawe za Waswahili, vyumba virefu lakini vyembamba, visivyozidi sana mita tatu, kwa sababu fundi hakuweza kutandaza dari kupita pale mti ulipoishia.

Ng'ambo ya bahari haja ilikuwa kubwa zaidi, kwani pwani za Ghuba hazina msitu wa maana, na mchu, aina ya mkoko inayoota huko, kwa kawaida ni mfupi na uliopinda. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari kuu ya Uajemi wakati huo, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Siraf ilianguka, lakini biashara iliendelea, na baadaye Kuwait, Bahrain na Sur zikajenga mapaa yao kwa miti ya pwani hii, ambayo Rufiji na visiwa vya Lamu vilikuwa machimbuko yake makubwa.

Ratiba ilipangwa na pepo. Majahazi ya Waarabu yalishuka na kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, yakibeba tende na chumvi, yakauza njiani bandari kwa bandari, kisha yakaingia Rufiji kupakia na kusubiri kusi iyarudishe kwao. Hapo ndipo nahodha aliyevuka bahari kwa kutazama nyota alipolazimika kukabidhi chombo chake kwa mwenyeji, kwa maana fungu la mchanga katika mdomo wa mto huhama baada ya kila mafuriko, na mkondo uliopitika mwaka jana huenda mwaka huu umeziba. Rubani wa delta alipima kina kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akavizia maji ya bamvua, yanayojaa kupita kiasi mwezi unapoandama au unapopevuka, ndipo akakiingiza chombo kizito hadi karibu na wakata miti.

Wakata miti waliingia vijitoni maji yakijaa, wakafanya kazi kwa shoka yakipwa, miguu ikizama topeni, mbu na usubi wakiwazingira, kisha wakaisogeza miti kwa mitumbwi hadi ubavuni mwa jahazi bamvua ifuatayo. Mabaharia waliipanga ngamani mzigo baada ya mzigo, kazi nzito kuliko yoyote iliyowakabili baharini. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1939 chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, aliishuhudia kazi hiyo Rufiji na kuieleza katika kitabu chake cha Sons of Sindbad kama mateso, na hakutia chumvi.

Dola za kigeni zilitambua mapema thamani ya msitu huu. Wajerumani waliuweka chini ya hifadhi mwaka 1898, wakasimamia ukataji kutoka Salale, ndani ya delta, wakasafirisha pia magome, ambayo hutumika kutengenezea ngozi. Ujuzi wao wa mikondo ndio uliowawezesha kuificha manowari Königsberg ndani ya delta kuanzia Septemba 1914 hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Vitabu vingi vinavyoitaja Rufiji vinaijua kwa meli hiyo tu, iliyokaa humo miezi michache, na upungufu huo wa uandishi unasikitisha.

Biashara ya boriti ilidhoofika pale fedha za mafuta zilipoiletea Ghuba saruji na nondo, na hofu ya kumalizika kwa misitu ikafuatia: Kenya ilipiga marufuku kusafirisha miti ya mikoko nje mwaka 1982, Tanzania ikazuia ukataji wake mwaka 1987, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Majina ya manahodha wa Kuwait yamehifadhiwa katika vitabu na makumbusho ya kwao, na wanastahili heshima hiyo. Marubani na wakata miti wa Simba Uranga, Salale na Mbwera hawajaandikiwa hivyo, ingawa bila wao hakuna jahazi ambalo lingetoka na shehena, na ni wajibu wa wanahistoria wa Tanzania kuwafuata wazee wa delta na kuyaandika wanayoyajua wakati bado wapo wa kuyasimulia.